SSD Haikuwa Feki, Nilikosea Sloti

Boom la semista ya pili lilipoingia nilifanya jambo ambalo mama yangu hajaambiwa mpaka leo: nilitoa shilingi laki mbili na themanini nikanunua SSD. Kodi ya geto ilikuwa inadaiwa, na steshenari nilikuwa na deni la kuprinti, lakini sababu nilikuwa nayo. Tangu mwaka wa kwanza nahariri video za sendofu na kicheni pati kwa kompyuta ya mezani niliyoiunga mwenyewe kwa vifaa vya mtumba, na hela hiyo ndiyo inayonilipia chumba. Hadi diski yangu ya zamani ilikuwa imeanza kulia kama mlango usio na mafuta. Nikapiga hesabu kwamba nikipata kifaa cha kasi nitamaliza kazi mbili kwa wikiendi badala ya moja, na madeni yatajilipa.

Kwenye boksi paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba SSD hiyo inasoma megabaiti 7,000 kwa sekunde. Nikaifunga usiku uleule, nikawasha CrystalDiskMark, ile programu ya bure ya kupima kasi ya diski, nikakaa kusubiri. Ikaja 1,560. Nikapima tena, ikaja 1,552. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikapima mara ya tatu huku mshikaji ninayeishi naye akichungulia begani. "Umepigwa," akasema, akarudi kulala.

Asubuhi nikaenda Kariakoo nikiwa nimeshajiandaa kwa vita. Hata shikamoo sikumpa mzee wa dukani, kosa ambalo kwetu nyumbani lingenigharimu. Mbele ya wateja watatu nikaweka boksi juu ya kaunta nikasema kwa sauti, "Mzee, umeniuzia kimeo." Mteja mmoja aliyekuwa ameshika SSD kama yangu akairudisha taratibu, akaondoka.

Mzee hakupandisha sauti. Aliangalia picha ya skrini kwenye simu yangu, akauliza, "Mwanangu, umeichomeka wapi?"

"Kwenye mazabodi."

"Mazabodi yako ina sloti ngapi?"

"Mbili."

"Umeichomeka ipi?"

"Iliyokuwa wazi."

Akanirudishia simu. "Kasome kwanza kitabu cha mazabodi yako. Ukikuta bado ni kimeo, risiti unayo, njoo uchukue hela yako."

Kitabu chenyewe sikuwa nacho, maana vifaa vya mtumba haviji na makaratasi. Nikapakua nakala kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kurasa zaidi ya sabini, na jibu langu lilikuwa kwenye mistari miwili tu ya jedwali ambalo hakuna mtu analisoma. Nikaona ni bora niliandike hapa, kwa sababu najua siko peke yangu. Kila boom likiingia kuna mtu kwenye bloku yenu anayenunua SSD kwa kuangalia namba ya kwenye boksi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa umbo. Kile kipande chembamba kama pakiti ya bigijii iliyonyooshwa, ambacho unakichomeka na kukikaza kwa skrubu moja, kinaitwa M.2. Hilo ni jina la umbo tu. Halisemi chochote kuhusu kasi. Ndani ya umbo hilohilo kunaweza kuwa na SSD inayoongea na kompyuta kwa njia ya SATA, au SSD ya NVMe inayopita PCIe. SATA ni mfumo uliotengenezwa enzi za hadi diski zinazozunguka, na toleo lake la tatu la mwaka 2009 ndilo linalotumika mpaka sasa. Mwisho wake ni gigabiti 6 kwa sekunde.

Hapa kuna hesabu ambayo watu wa Uhandisi wataifurahia na wengine wanaweza kuiruka. Gigabiti 6 ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 750. Lakini SATA inapotuma biti 8 za data inazifunga ndani ya biti 10 ili upande wa pili usipoteze mapigo. Sehemu moja ya tano ya barabara inaliwa na ufungaji huo. Inabaki megabaiti 600, na ukiondoa shughuli nyingine za mawasiliano unaona 550 hivi kwenye kipimo. SSD yoyote ya SATA, iwe ya bei gani, inagonga dari hilo.

NVMe iliandikwa upya kwa ajili ya kumbukumbu za flashi, na toleo lake la kwanza lilitoka 2011. Inapita kwenye PCIe, barabara ileile inayotumiwa na kadi ya picha. Na PCIe ina mambo mawili ya kuangalia: idadi ya njia, na kizazi cha njia hizo. Fikiria Barabara ya Morogoro. Idadi ya njia ni ngapi zimelala sambamba, na kizazi ni spidi inayoruhusiwa katika kila njia. Kizazi cha pili kinapitisha megabaiti 500 kwa sekunde kwa njia moja. Kizazi cha tatu kilikuja na spidi kubwa zaidi na ufungaji mpya, biti 130 kubeba 128 badala ya 10 kubeba 8, kwa hiyo njia moja inapitisha kama 985. Kizazi cha nne ni mara mbili ya hapo, na cha tano mara mbili tena. SSD nyingi za NVMe zinataka njia nne. Zidisha mwenyewe: kizazi cha pili ni 2,000, cha tatu karibu 3,940, cha nne karibu 7,880. Ile 7,000 ya kwenye boksi langu ilikuwa ni ahadi ya mtu aliyepewa njia nne za kizazi cha nne, basi.

Sasa rudi kwenye jedwali langu. Mazabodi yangu ina chipseti ya AMD B450, ya mwaka 2018. Sloti ya kwanza ya M.2 imeunganishwa moja kwa moja na prosesa, njia nne za kizazi cha tatu. Sloti ya pili haiendi kwa prosesa. Inapitia kwenye chipseti, na njia za chipseti ile ni za kizazi cha pili. Njia nne mara 500 ni 2,000, toa gharama za mawasiliano, na 1,560 ndiyo hali halisi ya pale. SSD yangu ilikuwa basi la mwendokasi lililotolewa kwenye njia yake likaambiwa lifuatane na daladala. Dereva hana kosa na injini haina kosa.

Lililoniumiza zaidi ni nani alikuwa amekalia sloti ya kwanza. Ilikuwa SSD yangu ya zamani ya gigabaiti 128 yenye Windows, na hiyo ni M.2 ya SATA! Yaani kifaa kisichoweza kupita 550 kilikuwa kimekaa kwenye sloti ya 3,940 tangu mwaka wa kwanza, kikipunga upepo. Na kubadilishana haikuwezekana, kwa sababu sloti ya pili, kwa mujibu wa jedwali lilelile, haipokei SATA kabisa. Hili likumbuke: ziko sloti za M.2 zinazopokea aina zote mbili, ziko zinazopokea NVMe tu, na kwenye leptopu za zamani ziko zinazopokea SATA tu. Ukikosea hapo kasi haishuki, kompyuta haioni kitu kabisa, na ndipo watu wanarudi dukani kusema wameuziwa iliyokufa.

Nikahamisha Windows yote kwenda SSD mpya kwa programu ya kunakili diski, nikang'oa ile ya zamani, nikaweka mpya sloti ya kwanza. Ikasoma 3,450. Mara mbili na zaidi kwa kubadilisha mahali tu, bila kuongeza hata shilingi.

Ila bado haikuwa 7,000, na kwenye mashine ile haitakuwa kamwe. Kompyuta inapowaka, pande mbili za PCIe zinakubaliana kutumia kizazi cha yule wa chini. Prosesa yangu ni Ryzen 5 2600, mwisho wake ni kizazi cha tatu. SSD ya kizazi cha nne inafanya kazi humo vizuri kabisa, haiharibiki na haiharibu kitu, ila inatembea kwa mwendo wa mwenyeji. Kizazi cha nne kilifika kwenye kompyuta za kawaida za mezani mwaka 2019, na Ryzen 3000 pamoja na mazabodi za X570. Intel waliingia 2021 na prosesa za kizazi chao cha 11. Ukiwa na chochote cha kabla ya hapo, ziada uliyolipa kwa ajili ya kizazi cha nne umeiweka akiba bila riba.

Na usiangalie mazabodi peke yake. Kuna Ryzen 5 5600G, prosesa inayopendwa sana na wanafunzi kwa sababu ina picha ndani yake na hauhitaji kununua kadi. Ukiifunga kwenye mazabodi ya B550, ambayo boksi lake linajisifia kizazi cha nne, utapata kizazi cha tatu tu, maana prosesa zenye herufi G za kundi hilo zinaishia hapo. Upande wa Intel ni kali zaidi: ukiweka prosesa ya kizazi cha 10 kwenye mazabodi ya Z590 au B560, sloti ya M.2 inayotegemea njia za prosesa inalala kabisa, kwa sababu prosesa ile haina njia za kuipa.

Jambo jingine linalotesa watu ni kugawana. Njia za PCIe zina idadi yake, na mtengenezaji wa mazabodi anataka kuweka sloti nyingi kuliko njia alizonazo. Anachofanya ni kuunganisha vitu viwili kwenye njia zilezile, ukitumia kimoja kingine kinazimwa. Darasani kwetu kuna jamaa aliongeza SSD ya pili, akawasha, akakuta hadi diski yake yenye kazi zote za miaka miwili haionekani. Alitoka jasho. Alishampigia hadi fundi wa kuokoa data. Kumbe kwenye mazabodi yake sloti ya pili ya M.2 ikitumika, tundu namba 5 na 6 za SATA zinafungwa. Akahamisha waya kwenda tundu namba 2, faili zote hizo hapo. Kwenye mazabodi nyingine kinachopungua ni kadi ya picha, inatoka njia 16 inabaki na 8. Hata pale ambapo hakuna kinachozimwa, kila kilicho kwenye chipseti, yaani USB, mtandao, SATA na sloti ya pili ya M.2, kinapita kwenye kiungo kimoja kwenda kwa prosesa. Ukikopi kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, foleni inaanzia hapo.

Wenye zile kompyuta za maofisini za mtumba, za kizazi cha nne cha Intel, ambazo hazina M.2 kabisa, mara nyingi wananunua kijibodi cha kuchomeka NVMe kwenye sloti ya PCIe. Wazo si baya. Lakini wengi wanakichomeka kwenye ile sloti fupi, ya njia moja, na njia za chipseti za mashine hizo ni za kizazi cha pili. Megabaiti 500 kwa karatasi, chini ya hapo kwa kipimo. Umenunua NVMe ukapata kasi iliyo chini ya SATA! Tena BIOS nyingi za umri huo haziwezi kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe. Kwa mashine kama hiyo mimi ningenunua SSD ya SATA ya kawaida na kulala usingizi.

Joto nalo. Hapa Dar es Salaam, kwenye geto lisilo na AC, mwezi wa pili, SSD ya NVMe inayofanya kazi mfululizo inachemka, na kidhibiti chake kikifika kama nyuzi 70 au 80 kinapunguza mwendo chenyewe kisijiunguze. Sloti nyingi za kwanza ziko jirani na kadi ya picha, yaani jirani na jiko. Dalili yake ni kwamba kipimo cha kwanza kinakuja kizuri, cha tatu kinaanguka. Mimi wiki ile nilikuwa najisifu kwamba nimeweka bati la kupoza joto, kumbe sikubandua ile nailoni nyembamba inayofunika gundi yake. SSD yangu ilikuwa imefunikwa blanketi.

Kuna mambo ambayo mazabodi husingiziwa. Ukiandika faili kubwa sana, SSD nyingi zinaanza kwa kasi kwenye eneo dogo la akiba, eneo likijaa zinaporomoka, na za bei nafuu zaidi zinaweza kuporomoka mpaka chini ya SATA. Diski ikiwa imejaa, eneo hilo linakuwa dogo zaidi. Huko hata mazabodi ya milioni haikusaidii.

Sasa niseme ukweli wangu kuhusu ile hela. Baada ya kupata 3,450 yangu nilichukua kazi ya harusi moja, gigabaiti 120 za video, nikakaa na saa. Kusoma mzigo wote huo kutoka kwenye SSD kwa 1,560 ni kama sekunde 77. Kwa 3,450 ni sekunde 35. Tofauti ni sekunde 42. Nilimvunjia heshima mzee wa watu kwa sekunde 42. Wakati huohuo kutoa video hizo kwenye memori kadi ya kamera kulikuwa kunanichukua karibu saa nzima, kwa sababu kisoma kadi changu kilikuwa cha USB 2.0 na kilikuwa kinatoa megabaiti 35 hivi. Nikanunua cha USB 3.0 kwa elfu kumi na tano, ikashuka mpaka dakika kama 22. Na kuwaka kwa Windows, kufungua Word, kufungua kivinjari, hayo yanategemea kusoma vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, kazi ambayo SSD za kizazi cha tatu na cha nne zinakaribiana sana. Mtu akikuambia anaona tofauti kwa macho, muulize alikuwa anatumia nini kabla. Akisema hadi diski, muamini.

Kujua yako iko wapi hakuhitaji kufungua kompyuta. Kwenye Windows weka CrystalDiskInfo, angalia mstari ulioandikwa "Transfer Mode". Utaona vitu viwili vimetenganishwa kwa kistari cha wima: cha kushoto ndicho unachopata sasa hivi, cha kulia ndicho SSD inachoweza. Yangu ilikuwa inasema PCIe 2.0 x4 kushoto na PCIe 4.0 x4 kulia. Ningeangalia mstari huo kabla ya kupanda daladala, kesi isingekuwepo. Kwenye Linux andika sudo lspci -vv, tafuta kifaa chako, linganisha LnkCap na LnkSta. Tofauti ikiwepo, fungua kitabu cha mazabodi kwenye ukurasa wa M.2 kabla hujafungua mdomo. Na kama bado hujanunua, piga picha jina la mazabodi na jina la prosesa, tafuta vyote viwili, ndipo utoe hela.

Kariakoo nilirudi Jumamosi iliyofuata. Safari hii nilianza na shikamoo. Nikamweleza mzee kila kitu, sloti, kizazi, hadi nailoni. Alicheka hiyo ya nailoni tu. Akaniambia yule mteja aliyeondoka siku ile hakurudi tena. Sikuwa na la kusema, nikamsaidia kupanga maboksi kidogo, tukaongea. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mazabodi yangu ni ipi siku naninunua. Akasema aliniuliza, na mimi nikamjibu, "Ya kawaida tu."

Wiki iliyopita dada mmoja wa mwaka wa pili alinifuata maktaba na picha ya mazabodi yake. Alikuwa na laki tatu na alikuwa ameshachagua SSD, ya kizazi cha nne, namba kubwa kuliko yangu. Tukatafuta pamoja: prosesa ya 5600G, RAM gigabaiti 8. Amechukua SSD ya kizazi cha tatu, na chenji iliyobaki akaongeza RAM.